Faili ya Mwisho Ndiyo Hushika

Jumatatu, 1 Julai 1996

Siku ya ajabu! Naandika upesi, hata koti sijavua.

Asubuhi nilipanda ngazi hadi chumba cha mafunzo ya kompyuta cha Salwa, mjini juu ya duka la misumari, nikiwa na daftari langu. Ndani yake mna nyumba thelathini na nane za Mashineni, kila moja na wenyewe. Mashineni kilikuwa kijiji chetu, msituni juu ya Naro Moru, pale palipokuwa na mashine ya kupasua mbao. Mimi nilikuwa karani wa magogo. Mwaka 1953 amri ya serikali ya kikoloni ilikuja tukatolewa sote, kabla ya chakula cha mchana, na nyuma yetu tukaona moshi. Leo pale ni misonobari mitupu. Watu wa kwetu Meru waliniambia nirudi. Nikasema nasubiri kidogo. Nimesubiri hapa Ruring'u, nje ya mji, miaka arobaini na mitatu nikisahihisha daftari hili, nalo nilitaka lipigwe chapa tu, basi.

Salwa alisoma ukurasa wa kwanza, akacheka. Hakudharau. Alisema, "Mzee Kathurima, orodha yako imekaa sawasawa na faili za mchezo."

Mchezo gani? Akanionyesha. Umo ndani ya kompyuta, ulikuja nayo. Ni mchezo wa kupanga: unajenga kijiji, unalima, unafuga, unazuia adui na wanyama wakali. Nilidhani vitu hivyo vimeganda ndani ya mashine kama kokoto ndani ya saruji. La! Vimeandikwa! Vimo katika faili za maneno matupu, kila kitu mstari wake. Jina, mkato, kazi, mkato, hatua za kwenda mashariki, mkato, hatua za kwenda kaskazini, mkato, cheo. Badilisha neno kwenye mstari, na kijiji kitabadilika kwenye kioo. Nimekuwa karani maisha yangu yote na sijawahi kuona mstari ukitiiwa namna hiyo.

Tena huna haja ya kugusa faili za wenye mchezo. Pembeni kuna jalada linaloitwa Nyongeza. Mchezo ukiwashwa husoma kwanza faili zake wenyewe, halafu huingia katika Nyongeza na kusoma zako. Neno lako likipingana na lake, lako ndilo hushika. Kwa hiyo, akasema Salwa, Mashineni inaweza kujengwa. Saa ya chakula wanafunzi wake wanapotoka, kompyuta ni yangu.

Akauliza ni kwa ajili ya nani. Nikasema ni kwa ajili ya historia.

Uongo. Ni kwa ajili ya Wakonyo.

Wakonyo alikuwa binti wa ng'ambo ya reli ya magogo. Mwaka 1953 yeye alipandishwa lori, mimi nilitembea. Sikumwona tena mpaka mwezi uliopita, mazishini. Ni mjane, anakaa Naro Moru, na bado hucheka akiwa ametupa kichwa nyuma. Alisema angetoa chochote aione Mashineni mara moja kabla hajafumba macho. Mdomo wangu, bila kunishauri, ukasema nitamwonyesha. Atakuja Jumamosi.

Siku tano!


Jumanne, 2 Julai

Nimeandika nyumba kumi na tisa kwa kidole kimoja. Upande wote wa magharibi wa reli. Nikainua macho kwa fahari, na nani yuko mlangoni? Kahiga.

Kahiga aliendesha msumeno mkubwa kule Mashineni, na sasa anakaa lango la tatu kutoka kwangu. Najiuliza nani alimwambia. Ni mimi. Nilimwambia jana jioni kwenye uzio. Nilikuwa nimefurahi kupita kiasi.

Alisema ati upande wa mashariki siujui hata kidogo, maana wanaume walipokuwa wakifanya kazi mimi nilikuwa ofisini nikinoa penseli. Nilimjibu kwamba penseli butu ndiyo iliyomkata mshahara mwaka 1951. Salwa alitutenganisha kwa hukumu: Karani aandike magharibi, Kahiga aandike mashariki, kila mmoja faili yake. Kahiga akapewa pia orodha ya viumbe, kwa sababu anafuga. Mimi nikapewa ratiba ya kazi, kwa sababu nilikuwa napiga king'ora.

Halafu fedheha. Jina la faili halizidi herufi nane. Mimi ni Kathurima, herufi tisa. Kompyuta ikaandika KATHURIM. Kahiga alishika ukuta kwa kicheko. "Hata kompyuta imechoka na jina yako, Karani! Imefika Kathurim ikasema basi, imetosha!" Lake lina herufi sita. Liliingia lote, likabakiza na nafasi ya kunyoosha miguu.

Lakini sikiliza, shajara! Salwa alieleza kwamba faili za Nyongeza husomwa kwa mpangilio wa alfabeti, na ya mwisho ndiyo hushika. KAHIGA inasomwa kwanza. KATHURIM inasomwa baadaye. Kila tutakapopingana, mimi ndimi nitakayeshika! Nilishuka ngazi nikiwa mwepesi kama mtu wa miaka hamsini.

Tunapingana wapi? Kwenye cheo. Mchezo unakubali mkuu mmoja tu wa kijiji, yule mwenye namba 1 mwisho wa mstari wake. Nilichungulia faili ya Kahiga: amejipa 1. Mtu asiye na haya. Mkuu halisi wa Mashineni alikuwa nyapara Moffat, lakini Moffat alifariki mwaka 1961, kwa hiyo hana pingamizi. Nami nimejipa 1.

Na kuna jambo jingine dogo. Nyumba ya akina Wakonyo ilikuwa mashariki, kando ya tangi la maji. Naijua hatua kwa hatua. Mimi ni mtu wa usahihi. Hata hivyo katika faili yangu nimeiandika magharibi, hatua moja kutoka kwangu, ukuta kwa ukuta. Faili yangu inasomwa mwisho. Historia itanisamehe hatua thelathini.


Jumatano, 3 Julai

Maafa. Tumewaua karibu watu wote.

Salwa aliwasha mchezo kwa jaribio la kwanza. Ikaja reli ya magogo. Ukaja moshi juu ya mapaa. Moshi wa jikoni, si ule mwingine. Nikajifanya nakohoa. Kahiga naye akakohoa.

Kisha, gizani kabisa, king'ora kikalia. Milango yote ikafunguka. Wanaume kwa wanawake wakaingia msituni na mashoka, hawaoni hata pua zao, na chui wakaja. Kulipopambazuka walibaki watu tisa. Hao tisa wakala chakula cha mchana jua likichomoza. Adhuhuri bado haijafika, wakarudi nyumbani wakajifungia, na viazi vikanyauka nje kwa jua zuri kabisa.

Kahiga alipiga kelele ati nimemaliza upande wake makusudi. Nikamwambia chui ni wa orodha yake, nani alimwambia aandike chui wengi hivyo? Akasema chui walikuwa wengi. Ni kweli walikuwa wengi.

Salwa alikuwa anasoma ratiba yangu. Nilikuwa nimeandika vizuri: king'ora saa 1, chakula saa 6, kurudi saa 11. Nani asiyejua saa hizo? Akaanza kucheka hadi akashika meza. Akanionyesha kisaa kidogo pembeni ya kioo. Mchezo huhesabu saa tangu usiku wa manane, Kizungu. Saa moja yetu ni saba yao. Nilikuwa nimewapeleka watu wa Mashineni kazini usiku wa manane umepita kidogo tu.

Tukaandika 7, 12 na 17. Hakuliwa mtu. Kahiga hakuomba radhi kwa maneno yake. Wala mimi kwa watu wake.


Alhamisi, 4 Julai

Furaha! Furaha isiyo ya Kikristo, lakini furaha.

Leo Kahiga alisahihisha kazi za watu wake, na tulipowasha, upande wangu ulikuwa na watu, na upande wa Kahiga ulikuwa na mbuzi. Mbuzi kumi na wawili, kila mmoja na jina la mtu juu ya kichwa chake. Mbuzi Watiri. Mbuzi Kagure, aliyekuwa mke wa mchungaji! Kahiga alisogea akawahesabu kwa kidole.

Salwa akafungua faili yake. Kwenye nafasi ya kazi, Kahiga alikuwa ameandika "mkurima". Mara kumi na mbili. Anaandika anavyosema. Basi mchezo huu, Salwa akaeleza, hauulizi mtu kitu. Ukikutana na neno usilolijua, haulalamiki, unachukua tu la kwanza katika orodha ya viumbe, ambamo watu wa kazi na wanyama wamechanganywa. Na orodha hiyo aliyeiandika ni Kahiga mwenyewe, akaanza na mbuzi, kwa sababu anawapenda.

Nilicheka hadi nikatoa miwani. Nilimwambia r na l ni ndugu wawili wasiokaa nyumba moja. Aliniambia nyamaza.

Salwa akanigeukia. Alisema hata mimi niwe mwangalifu, maana mistari yangu naipamba mno. "Mkato kwenye faili hizi si pumzi, Mzee. Ni ukuta. Kila ukuta, chumba kipya." Mimi! Mtu niliyesahihisha mikato ya wengine mahakamani miaka ishirini na miwili! Niliinamisha kichwa kwa heshima na sikusikiliza.

Mchana ukaharibika. Kahiga, baada ya kuponya mbuzi wake, aliuliza kwa nini yeye si mkuu ilhali amejipa 1. Na Salwa, ambaye ana ugonjwa wa kusema kweli, akamweleza habari ya alfabeti.

Mara faili ya Kahiga ikaitwa ZKAHIGA.

Nami yangu ikawa ZZKATHUR. Yake ikawa ZZZKAHIG. Yangu ZZZZKATH. Kila badiliko kompyuta inasaga dakika nne kabla kijiji hakijatokea, na kila kijiji kikitokea, mkuu ni mwingine. Wanafunzi walirudi wakatukuta bado tunasukumana kwenye kibodi. Mmoja akauliza kama wazee hawa wanachukua cheti. Salwa alisema anaendesha chuo, si uchaguzi.

Kahiga aliwahi wa mwisho. ZZZZZZZZ. Nane kamili. Hakuna kinachoweza kupita hapo. Alishuka ngazi akiimba wimbo wa kanisani, sauti ya pili, ambayo si yake.


Ijumaa, 5 Julai

Nimeshinda!

Salwa alikuwa amekwenda kuswali Ijumaa. Aliniachia ufunguo, akasema ananiamini kwa sababu mimi ni karani. Nilikaa dakika nzima nikitazama zile Z nane. Ndipo nikaelewa. Kama hakuna jina linalozipita, basi nichukue jina hilo hilo! Nikaambia kompyuta ihifadhi faili yangu kwa jina ZZZZZZZZ.

Ikauliza kwa Kiingereza. Nimesoma Kiingereza tangu 1938, nilielewa kila neno. Ilisema faili yenye jina hili ipo tayari, je, hii ichukue nafasi yake? Y au N.

Ichukue nafasi yake! Ndilo jambo ninaloomba wiki nzima! Nilibonyeza Y kwa kidole changu kile kile.

Kisha nikautengeneza mstari wangu. Ulikuwa unasema Kathurima, basi, kama mtu anayeita mbwa. Mkuu wa kijiji haitwi hivyo, hasa na Wakonyo akitazama. Sasa unasema: Kathurima, mwana wa M'Ikiara, karani, na kuendelea. Unapendeza. Una mwendo. Sikujaribu, maana Salwa alikuwa anarudi, na mstari mzuri haujaribiwi.

Tai iko chini ya godoro inanyooka. Kahiga aliniuliza kwenye uzio kama ni mgonjwa, ati natabasamu.


Jumamosi, 6 Julai

Ukungu tangu asubuhi, na baridi ya kukata masikio. Wakonyo alifika na wengine wanne wa Mashineni waliobaki. Alikuwa amejifunga kitambaa cha bluu kichwani. Alinisalimu, "Karani, bado uko na tai!" Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimeandaa maneno mengine lakini ndiyo tu iliyotoka.

Kahiga alikuwa amevaa koti la harusi yake. Halifungiki.

Salwa akawasha. Reli ikaja. Mashine ikaja, na bomba lake. Ukaja moshi, na wote chumbani wakakohoa. Wakonyo akasogeza kiti hadi magoti yake yakagusa meza.

Halafu hapakuja kitu kingine. Magharibi palikuwa pamejaa. Mashariki ya reli palikuwa majani. Hakuna nyumba, hakuna tangi, hakuna mtu. Majani matupu ya kijani mpaka ukingo wa msitu.

Kahiga alisimama. Nilingoja apige kelele. Laiti angepiga kelele. Alisema polepole, "Mama yangu alikuwa pale, Karani."

Nikaikumbuka ile Y.

Jina moja, faili moja. Mbili hazikai. Yangu ilipoingia, yake ilifutika yote, na nyumba kumi na tisa, na wale kumi na wawili aliowaponya mmoja mmoja. Waliotutoa mwaka 1953 walihitaji malori manne na mafuta ya taa. Mimi nilihitaji herufi moja. Nimeiandika sentensi hii mara mbili, nikaifuta mara moja. Nimeamua ibaki.

Nilichosema kwa sauti ni kwamba labda ni umeme.

"Umeme haujui kubonyeza Y, Mzee," alisema Salwa, taratibu, bila kunitazama. Akavuta droo akatoa disketi ya Alhamisi. Mungu ambariki: kila jioni kabla ya kufunga hunakili kila kitu, kila siku na disketi yake. Disketi ikalia kama ufunguo kwenye kufuli yenye kutu. Akairudisha faili ya Kahiga kwa jina lake la kwanza, KAHIGA, na yangu kwa lake, KATHURIM, mabaki ya Z akayafuta, akawasha upya. Dakika nne. Mashariki ikarudi nyumba moja, nyumba mbili, tangi, kumi na nane, maana ya akina Wakonyo bado ilikuwa kwangu. Kahiga aliketi. Alijifuta uso kwa kofia.

Hapo bendera nyekundu ikapanda kijijini, na mchezo ukamtangaza mkuu. Kahiga.

Haiwezekani! Faili yangu ndiyo ya mwisho! Mkuu Kathurima yuko wapi? Tukamtafuta kiwandani. Tukamtafuta ofisini. Mwishowe mmoja wa wageni akaonyesha kona ya chini kabisa ya kioo, mbali, msituni. Kulikuwa na mbuzi anakuja. Juu ya kichwa chake pameandikwa Kathurima.

Kuta, shajara. Kuta! Jina langu lilikaa chumba chake. "Mwana wa M'Ikiara" ikaangukia chumba cha kazi, na mchezo haujui kazi hiyo, ukachukua la kwanza katika orodha. "Karani" ikaangukia hatua za mashariki, ambapo panatakiwa namba, basi nikapewa sifuri. Na ile 1 ya ukuu ikasukumwa nje ya nyumba yote, chumba ambacho hakuna anayekisoma.

Kahiga alicheka mpaka vifungo viwili vikatoka. Nilimwacha. Alistahili.

Yule mbuzi alitembea msitu mzima, akavuka magharibi yote bila kutazama mtu, akaingia moja kwa moja shamba la kabeji la Wakonyo, akaanza kula. Wakonyo alitupa kichwa nyuma akacheka! "Huyu mbuzi anajua mahali anaenda!" Nimengoja kicheko hicho miaka arobaini na mitatu. Ningependa kifike kwa njia nyingine. Lakini kimefika.

Kisha akakikaribia kioo. Akauliza kwa nini nyumba yao iko huku. Yao ilikuwa kando ya tangi. Mama yake alikuwa akisimama mlangoni anaita, na mama yake Kahiga anajibu kutoka mlango wa pili.

Nilisema ni kosa la namba.

"Karani," alisema, "wewe hukukosa namba hata siku moja."

Nikanyoosha tai. Akasema nimrudishe. Si yeye, mama yake. "Huku hajui mtu. Atapotea." Nikaahidi. Akasema atakuja Jumamosi ijayo kuona kama nimetimiza. Alipokuwa akifunga kitambaa aliuliza pia nyapara Moffat yuko wapi, maana hakumwona. Mimi na Kahiga tulitazama dirishani wakati mmoja.


Jumapili, 7 Julai

Kanisani sikuimba. Mahubiri yalihusu kutamani nyumba ya jirani. Nilihisi mchungaji ameongea na Salwa, lakini Salwa si wa kanisa letu.

Jioni nilikwenda kwenye uzio nikamwomba Kahiga msamaha, kwa maneno kamili, bila mikato. Alisema amenisamehe kwa sababu ya uzee. Wangu, si wake. Akasema pia ati yule mbuzi alikuwa na sura njema kuliko mimi, na kwamba asubuhi ana safari ya mjini, atapita kwa Salwa kunyoosha kitu kidogo tu upande wake. Tulikunywa chai. Alilia kidogo kuhusu mama yake, nami nikatazama pembeni kama inavyotakiwa.


Jumatatu, 8 Julai

Nimekuwa mtu mpya.

Saa ya chakula niliketi kwenye kompyuta nikafanya kila kitu kwa haki. Nyumba ya akina Wakonyo nimeirudisha kando ya tangi, hatua thelathini na moja mashariki, kumi na mbili kaskazini, na mama yake mlangoni. Nyapara Moffat nimempa kazi yake na namba 1 yake. Mstari wangu sasa unasema Kathurima, ukuta, karani, ukuta, na namba zake, na sifuri kwenye cheo. Faili yangu inaitwa KATHURIM, bila a, na sioni haya. Salwa alisoma yote mstari kwa mstari akasema, "Hongera, Mzee." Niliondoa miwani nikaifuta. Nimejifunza kwamba waliotangulia hawahamishwi mara ya pili kwa ajili ya upumbavu wa mzee mmoja. Naandika hili kwa moyo wote. Hakuna nyumba ya mtu nitakayoigusa tena.

Ikabaki nyumba yangu.

Hiyo ni yangu. Nikihamisha yangu, nani ataumia? Na kando ya nyumba ya Wakonyo, hatua moja tu mashariki, palikuwa na kiwanja kitupu mwaka 1953, nakumbuka vizuri, pameota upupu. Upupu hauna mama. Niliandika thelathini na mbili, kumi na mbili. Nikaangalia mikato mara tatu. Nikawasha mchezo. Dakika nne, moyo unadunda kama wa kijana.

Moshi. Reli. Tangi. Nyumba ya Wakonyo. Na pembeni yake, juu ya upupu, nyumba!

Nyumba ya Kahiga.

Nikafungua jalada la Nyongeza. Faili yake ilikuwa pale chini kabisa, imekaa kama bwana harusi: ZZZZZZZZ.

Kisha nikamuuliza Salwa, kwa njia ya mazungumzo tu, kama katika kompyuta kuna alama yoyote inayokuja baada ya Z.

Alikuwa anasahihisha mitihani, hakuinua kichwa. Alisema zipo.

Zipo!